Nilimpeleka mshenga kwa daktari wa akili ili nipitishwe kupunguzwa tumbo

Habari zenu wakuu.

Huu uzi nimeshauanza mara kadhaa nikaufuta. Leo nauandika nikiwa nimesimama, simu mkononi, nazunguka ndani ya duka langu, maana nikikaa tu nitaufuta tena.

Ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, si rafiki yangu wala jirani. Majina nimebadilisha, hospitali siitaji, na gharama msiniulize hata huko PM.

Mimi ni mtu wa Temeke, siku hizi naishi Chanika, nauza vifaa vya ujenzi. Saruji, mabati, misumari, rangi. Na ni mnene. Sisemi unene wa kitambi cha kupendeza, ule ambao watu wakikuona wanakuita bosi. Nasema unene wa kuulizia viti vikoje kabla hujakubali mwaliko wa harusi. Sukari ninayo, presha ninayo, magoti ndiyo usiseme. Nina mke, tumwite Mama Swaumu, na watoto.

Mwaka juzi mama yangu alifariki.

Hapa nitaenda taratibu kidogo, mnivumilie, kwa sababu ndipo ishu yote ilipoanzia.

Mimi ndiye mtoto wake wa kiume pekee. Kwetu sisi Waislamu, wakati wa kuzika, ndugu wa karibu wanaume wanashuka kaburini kuupokea mwili na kuulaza kwenye mwanandani, lile shimo dogo la ndani ya kaburi. Akiwa ni mama yako, nafasi hiyo ni yako, wala hakuna haja ya kuomba. Tangu tunatoka nyumbani na jeneza nilikuwa nimeshakunja mikono ya kanzu, najua nashuka.

Ardhi ya makaburi ya kwetu ni mchanga mtupu. Nilipofika ukingoni nikataka kukaa ili nijishushe, ukingo ukaanza kumomonyoka. Mjomba wangu, kaka yake mama, akaniwekea mkono kifuani akasema, "Wewe kaa juu, mpwa wangu." Akamwita binamu yangu, akashuka yeye.

Nyuma yangu kuna mtu alinong'ona kwamba ningeshuka mimi wangetafuta winchi ya kunitolea. Mwenzake akacheka kwa pua.

Nikapewa pembe ya shuka nishike, lile linalofunika kaburi wakati mwanamke anashushwa. Ndiyo kazi niliyopata kwenye maziko ya mama yangu. Mikono ya watu wengine ilimlaza, mimi nikabaki naliangalia shuka.

Sikulia. Nilihudumia wageni, nilisimamia sufuria za hitima, watu wakasema huyu ni mwanaume. Msiba ukaisha, kila mtu akarudi kwake.

Ndipo nikaanza kula.

Nilikuwa mlaji tangu zamani, sikatai, lakini huku kulikuwa kula kwingine. Nikifunga duka nanunua chipsi mayai na mishikaki, napaki gari pembeni jirani na mashine ya kusaga, nafunga vioo, nakula huku nikiangalia kioo cha nyuma kama mwizi. Halafu naenda nyumbani nakaa kwenye sinia na wanangu nakula tena. Kwetu tunakula sinia moja, na kwenye sinia hakuna anayejua mwenzake kala kiasi gani.

Usingizi nao ukaondoka. Nalala ubavu, nalisikiliza feni mpaka adhana ya alfajiri. Dukani nikawa mkali. Fundi akiulizia bei ya bati mara ya pili namjibu utadhani kanitukana. Siwezi kukaa, siwezi kutulia, mguu unatikisika wenyewe chini ya meza. Na kichwani ni jambo moja tu linazunguka, kwamba mwili huu ndio ulionibakiza juu ya kaburi. Niliuchukia, wakuu. Nilikuwa naoga bila kujitazama.

Kwa hiyo niliposikia kuna upasuaji wa kupunguza tumbo, siyo lile puto la kuwekwa tumboni na kutolewa baadaye, ni upasuaji kabisa unakatwa sehemu ya tumbo, niliukimbilia. Nilimwambia mke wangu ni kwa ajili ya sukari na magoti. Hakupinga sana. Alisema tu, "Baba Swaumu, una uhakika ndicho kinachokusumbua?" Nikamjibu kwani huoni, na mazungumzo yakaishia hapo.

Hospitali nikapimwa kila kitu. Damu, moyo, mapafu, ini. Nikadhani nimemaliza.

Daktari wa upasuaji akaniambia bado, unatakiwa uonane na mtaalamu wa afya ya akili. Bila yeye kuridhia, hakuna upasuaji.

Mnajua kwetu uswahilini ukionekana umeingia kwenye mlango ule mtaa mzima utasema nini. Kachanganyikiwa, karogwa, hesabu za duka zimempanda kichwani. Nilikaa kwenye benchi la nje nimeinamia simu, kila anayepita naangalia kama ni mtu wa Chanika.

Nilikuwa nimeshajiandaa lakini. Kuna grupu la WhatsApp la watu wanaosubiri huo upasuaji na waliokwisha kufanyiwa. Walinifunda vizuri. Usiseme unalia. Usiseme hulali. Usimtaje marehemu yeyote kama hujaulizwa. Ukiulizwa kwa nini unataka kupungua, sema unataka kucheza mpira na watoto wako. Nikayakariri barabarani, nayasema kwa sauti ndani ya gari.

Yule daktari ni dada wa makamo, mpole, kajitanda mtandio wake vizuri. Aliuliza nikajibu, aliuliza nikajibu. Nalala vizuri. Nakula kawaida. Nina furaha. Nataka kucheza mpira na wanangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kaka, majibu yako ni mazuri sana. Siku ijayo njoo na mtu unayeishi naye, anayejua kula kwako na kulala kwako. Nitaongea na nyinyi wote wawili."

Hapo nikaloa jasho. Mtu ninayeishi naye ni mke wangu, na mke wangu sikuwa nimemwambia kabisa kwamba kuna mlango wa akili kwenye safari hii.

Sasa sikilizeni akili niliyoitumia.

Yule mjomba wangu aliyenizuia kaburini, tumwite Mjomba Kondo, ni mshenga. Kwa wasiojua, mshenga ni yule mtu anayetumwa kwenda kuposa, anakwenda kwa wazazi wa binti kumsemea kijana. Mjomba Kondo ndiye mshenga wa ukoo wetu na koo za jirani. Ameposea walevi wakapewa mabinti wa masheikh. Mimi mwenyewe Mama Swaumu alinipatia yeye. Ukoo ukiwa na jambo zito la kusema mbele ya watu wa heshima, anatafutwa Mjomba Kondo.

Nikaona hapa kuna mlango umefungwa, na ninaye mtu ambaye kazi yake ni kufungua milango. Nikampigia.

Alikuja kavaa kanzu iliyonyooshwa, koti juu, kofia ya mkono na manukato yaliyojaa gari zima. Tulipokaa tu akaniuliza maswali yake ya kazi, "Hao tunaokwenda wanataka kujua nini? Na sie tunaficha nini?"

"Wanataka kujua kama nina huzuni, mjomba."

"Unayo?"

"Sina."

Akaniangalia kidogo. "Basi kazi nyepesi hiyo."

Tukaondoka. Mimi nabadilisha redio kila baada ya dakika, nazima, nawasha.

Tulipoingia, daktari akainuka kwenye kiti. "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo? Nyumbani salama?"

Mjomba akaanza na bismillahi, akamtaja babu, akamtaja baba, akasema sisi ni watu gani na tumetokea wapi. Akasema huyu kijana hajawahi kupelekwa kwa mjumbe kwa ugomvi. Anaswali. Halewi. Mkewe hajawahi kurudi kwao. Akiingia ndani anacheka, akitoka nje anacheka, na akishaswali isha analala usingizi wa mtoto mchanga.

Wakuu, nilijisikia kuvimba. Nilikuwa nasikiliza sifa za mtu ambaye hata mimi ningempa binti yangu.

Daktari akauliza, "Mzee, unaishi naye nyumba moja?"

"Naishi naye ukoo mmoja."

"Sasa kulala kwake umekujuaje?"

"Kalelewa hivyo."

Daktari akaweka kalamu mezani akatabasamu. "Mzee wangu, wewe ni mshenga?"

Mjomba akashtuka. Sijawahi kumuona ameshtuka. "Umejuaje, mwanangu?"

"Na mie niliposwa na mzee wa namna yako. Alimsifia mume wangu, na kwa kweli hakusema uongo hata kidogo. Ila yale aliyoyaacha ndiyo nikaja kuishi nayo." Akasema bila ubaya wowote. "Mzee, ungekuwa umekaa upande wangu huu, binti ni wako, na mshenga kaja na maneno haya uliyonipa. Ungemuuliza nini?"

Nikajua mjomba atapata jibu la kuchekesha. Huwa halikosi.

Lakini alivua kofia akaiweka gotini. Mguu wangu ulikuwa unatikisika mpaka meza inacheza.

"Ningemuuliza kile alichokiruka," akasema. "Na mie hapa nimemruka dada yangu. Mama yake huyu. Nimemtaja babu, nimemtaja baba, mama sikumtaja."

"Kwa nini umemruka?"

"Kwa sababu pana kidonda pale, na aliyekitia ni mie."

Akamweleza kuhusu kaburi. Alieleza yote, mkono kifuani, binamu, hata yule mtu wa winchi. Kumbe alimsikia, na mimi siku zote nilidhani nilimsikia peke yangu.

Halafu akanigeukia. Nilitegemea ataniomba radhi. Wakuu, hakuniomba.

"Mpwa wangu, mie pale nilifanya sawa na ningerudia leo. Ule mchanga ungeporomoka, ungekwenda nao juu ya mayiti. Lakini tulivyorudi nyumbani nilitakiwa nije nikae na wewe. Sikuja. Nilikuona unagawa pilau nikasema kijana yuko imara. Mie huwa nawasifia watu kwa wengine, safari ile nilikusifia kwa nafsi yangu ili nisije."

Nilikasirika, nawaambia ukweli. Nilitaka kuinuka nitoke. Nimemleta mtu anisemee, kaja kunivua nguo mbele ya daktari.

Daktari hakunipa muda. "Kaka, ukishapungua, kitu cha kwanza unachotaka kufanya ni nini?"

Jibu ninalo. Kucheza mpira na watoto. Lilikuwa liko ulimini kabisa.

Nikasema, "Nataka nishuke."

"Ushuke wapi?"

"Kaburini."

"Kaburi la nani?"

Wakuu, nikafungua mdomo niseme la mama. Mama ameshazikwa. Hata nikikatwa tumbo lote nikabaki mifupa, ameshazikwa na alizikwa na wengine. Nilikuwa nakwenda kupasuliwa ili niwahi jambo lililokwisha kupita, na sikuwa nimeligundua mpaka nilipoulizwa swali lile na mtu nisiyemjua.

Nililia, na wala si machozi ya kupangusa kwa kiganja. Nililia kwa sauti, jitu zima, kiti kinalalamika chini yangu. Mjomba akanishika shingo nyuma, mkono ukakaa pale hausogei.

Daktari akasubiri. Kisha akaniuliza, waziwazi, kama kuna wakati natamani nisiwepo.

Nikamwambia sijawahi kupanga kujidhuru. Lakini nilishajiambia kwamba wakinilaza usingizi pale kwenye meza ya upasuaji nisiamke tena, sawa tu. Ningepumzika. Hilo nilikuwa sijalisema kwa kiumbe yeyote, na nililisikia likitoka mdomoni nikaogopa kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimelibeba kwa muda mrefu mpaka nikalizoea.

Mjomba akasema taratibu, "Astaghfirullah," na mkono bado upo shingoni.

Daktari hakushtuka wala hakunihubiria. Aliniambia nina sonona, ndiyo hiyo wanayoiita depression, na kwamba ni ugonjwa unaotibika kama sukari yangu inavyotibika. Akasema hajaukataa upasuaji, ameusogeza. Akanieleza kwamba baada ya kupunguzwa tumbo, mtu aliyezoea kukimbilia chakula akiwa na uchungu anakuta mlango ule umefungwa, na uchungu bado upo. Tutibu hiki kwanza, kisha tutaangalia tena. Na nisiondoke pale mpaka tukubaliane nani nyumbani atajua, na nani nitampigia nikizidiwa.

Nje kwenye korido nilimgeukia mjomba. "Umeniharibia, mjomba. Nilikuwa napita."

"Ulikuwa unapita kwenda wapi?" akasema huku anavaa kofia yake. "Leo ukifika kwako umwambie mkeo. Usipomwambia nitakuja mie, na mie nikija nitakuja na kanzu hii hii."

Sikumwambia siku hiyo. Nilimwambia siku mbili tatu baadaye, tukiwa uani, yeye anachambua mchele mimi nimesimama. Nilimwambia kuhusu mlango wa akili tu, mengine nikayaacha. Aliniuliza siku ya kurudi ni lini, atamuachia nani watoto. Basi.

Dawa nikaanza. Wale wanaodhani ukimeza leo kesho unaimba, hakuna kitu kama hicho. Mwanzoni mdomo ulikuwa unakauka na sikuona tofauti, nikataka kuziacha, daktari akanisihi niwe na subira. Maongezi nayo yalinichosha kuliko kupakua lori la saruji. Kuna siku nilitoka pale nikapitiliza mpaka Manzese bila sababu, nimeshindwa tu kwenda nyumbani. Nilinunua chipsi. Nilizila nimesimama hadharani, vioo vya gari viko wazi, na hiyo mimi na daktari tukaihesabu kama hatua.

Sasa hili la mwisho ndilo lililonifanya niandike.

Siku tuliyokwenda na Mama Swaumu, nilikuwa na wasiwasi kuliko ile siku ya mjomba. Kakaa pale na mkoba wake mapajani, kainamisha uso. Daktari akamuuliza swali lile lile alilomuuliza mshenga. "Dada, mumeo analalaje?"

Nikajiandaa kusikia, analala vizuri. Maana mimi ni bingwa. Nilikuwa nalala ubavu, nimetulia, napumua taratibu kwa kupima, hata kikohozi nakimeza. Miezi yote hiyo nilijua nimemfichia vizuri.

Mke wangu akasema, "Halali, daktari. Anajifanya amelala. Na mie najifanya nimelala ili asijue kwamba najua."

Tulikuwa macho wote wawili, wakuu. Kitanda kimoja, feni moja, kila mmoja anapumua kwa uongo ili amstahi mwenzake. Na mimi nilikuwa nikilia peke yangu moyoni kwamba nimebaki peke yangu duniani.

Upasuaji bado sijafanyiwa. Labda nitafanyiwa, magoti hayajapona kwa kulia. Nikifanyiwa, itakuwa ni kwa ajili ya sukari na magoti kweli, na nitataka niamke. Kutulia bado, mnaona hata huu uzi nimeuandika huku natembea, mteja wa misumari kanisubiri mpaka kaondoka.

Nilichojifunza ni kidogo. Ule mlango wa akili kabla ya upasuaji haukuwekwa kukuzuia. Ukipita kwa kudanganya, unakwenda kukatwa tumbo huku kinachokuua kiko sehemu nyingine. Na yule unayemficha ndani ya nyumba yako, kuna uwezekano mkubwa anajua, anasubiri tu umpe ruhusa ya kujua.

Kama na wewe uko kwenye foleni ile na umeshakariri majibu, usinitumie PM. Andika hapa hapa chini lile jibu unalolisema vizuri zaidi kuliko yote. Langu lilikuwa "nalala vizuri."